Mbio za Kushindana na Baridi: Misaada ya Tetemeko la Kashmir, 2005

Huenda baadhi yenu mtashangaa kuona toleo la kumbukumbu ya Siku ya Wakimbizi likitoa kurasa zake kwa nchi ya Pakistan, tena kwa msiba ambao haukuletwa na vita. Sababu ipo. Sehemu ya mahema ya kwanza kuwafikia wananchi wa Pakistan walioangukiwa na nyumba zao ilitoka katika maghala yaliyokuwa yamewekwa kwa ajili ya wakimbizi. Aidha, utaratibu ambao mashirika ya misaada yanautumia kugawana kazi katika baadhi ya nchi tulizotoka ulijaribiwa kwa mara ya kwanza kule, milimani, katika miezi ya mwisho ya mwaka 2005. Basi historia hiyo inatuhusu, na inawahusu pia watumishi wa mashirika wanaosoma kurasa hizi pamoja nasi.

Jumamosi tarehe 8 Oktoba 2005, saa 2:50 asubuhi, ardhi ya kaskazini mwa Pakistan ilitikisika kwa ukubwa wa 7.6. Kitovu kilikuwa karibu na mji wa Muzaffarabad, makao makuu ya sehemu ya Kashmir inayotawaliwa na Pakistan. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Watu walikuwa wamekwisha kula daku, wengine wamerudi kupumzika, na watoto walikuwa darasani, kwa maana Jumamosi kule ilikuwa siku ya masomo.

Wale wetu waliotoka Bukavu, na jirani zao wa Rusizi, wanalikumbuka tetemeko la Jumapili tarehe 3 Februari 2008, lililoua watu kadhaa, baadhi yao wakiwa ndani ya kanisa. Lile lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Tarakimu hizo mbili zinaonekana kukaribiana, lakini hesabu ya matetemeko haiendi kama hesabu ya kilo za unga. Nguvu iliyotoka Kashmir ilizidi ile ya Bukavu kwa zaidi ya mara 300. Asili yake pia ni tofauti. Katika Bonde la Ufa, ardhi inaachana polepole. Kule, bamba la Bara Hindi linasukuma na kupenya chini ya bara la Asia kwa sentimeta chache kila mwaka, na msukumo huo ndio uliojenga safu ya Himalaya. Milima inayowapa watu wale maji na malisho ndiyo hiyo hiyo inayowaangukia.

Serikali ya Pakistan ilihesabu waliokufa zaidi ya 73,000. Upande wa Kashmir unaotawaliwa na India walikufa zaidi ya 1,300. Waliojeruhiwa vibaya walizidi 69,000, na watu wapatao milioni 3.5 walibaki bila makao. Mji wa Balakot ulisambaratika karibu wote. Wanafunzi waliokufa walihesabiwa kwa maelfu, wengi wao chini ya paa za zege za shule za serikali zilizojengwa vibaya, na jambo hili wazazi wa kule hawajalisahau. Karibu na Hattian Bala mlima mzima ulimeguka, ukafunika vijiji na kuziba mto hata likatokea ziwa jipya. Kizuizi hicho cha udongo kilibomoka mwaka 2010.

Waliofukua watu siku za kwanza walikuwa majirani, kwa mikono, kwa majembe na kwa nondo. Ofisi za serikali Muzaffarabad zilikuwa zimeanguka, na watumishi wake walikuwa wakiwatafuta watoto wao kama watu wengine. Barabara za mabonde ya Neelum, Jhelum na Kaghan zilizibwa na maporomoko, na nyingine zilichukua wiki kadhaa kufunguliwa. Wananchi wa Karachi, Lahore na miji mingine walijaza malori kwa hiari yao, wakayapeleka kaskazini. Moyo huo ulikuwa mkubwa, ila haukuwa na mpango, kwani marundo ya nguo zisizofaa kwa baridi wala kwa desturi za kule yalitupwa kando ya barabara. Atakayecheka na akumbuke baadhi ya mafurushi ya mitumba yaliyowahi kufika katika kambi zetu.

Sasa tuje kwenye maghala. Katika mwaka huo huo wa 2005, Pakistan ilikuwa imewahesabu Waafghani zaidi ya milioni 3 katika ardhi yake, na shirika la UNHCR lilikuwa limefanya kazi huko kwa zaidi ya miaka 25. Lilikuwa na akiba ya mahema, mablanketi na maturubai katika miji kama Peshawar na Quetta. Kwa sheria zake, UNHCR halikuwa shirika la kuhudumia watu wa maafa ya asili. Hata hivyo akiba hiyo ilifunguliwa mara moja, kwa kuwa hapakuwa na nyingine ya karibu. Kisha ndege za NATO zikawa zinasomba mahema na mablanketi ya UNHCR kutoka Uturuki hadi Islamabad. Wakimbizi nao walikuwa miongoni mwa waliopigwa. Kulikuwa na Waafghani katika wilaya ya Mansehra, na kulikuwa na Wakashmiri waliokimbia kutoka upande wa India tangu miaka ya 1990, ambao kambi zao zilikuwa kandokando ya Muzaffarabad. Watu hao walikimbia nyumba zao mara ya kwanza kwa sababu ya bunduki, na mara ya pili kwa sababu ya mlima.

Helikopta zilikuwa uti wa mgongo wa kazi yote. Jeshi la Pakistan halikuwa na za kutosha. Helikopta kubwa za Marekani aina ya Chinook, zilizokuwa vitani Afghanistan, zilianza kufika tarehe 10 Oktoba 2005, zikapanda mabonde na unga, mabati na mahema, na kushuka na majeruhi. Mahali ambapo hata helikopta haikupata pa kutua, nyumbu ndio waliobeba mizigo. India ilijitolea kutoa helikopta, lakini Pakistan ilizitaka bila marubani wake, India ikakataa, na kwa hiyo hazikuruka. Huku watu wakifa kwa majeraha, wakubwa walikuwa wakibishana ni nani ashike usukani. Jambo lililofanikiwa kwa sehemu ni kufunguliwa kwa vituo vitano katika mstari unaoigawa Kashmir, kuanzia Novemba 2005, ili misaada na baadhi ya ndugu waliotengana wapite.

Katika tiba, msaada uliowashangaza wengi ulitoka Cuba, nchi ya mbali na isiyo tajiri. Madaktari na wahudumu wake wa afya wapatao 2,400 walifika kwa zamu, wakafungua hospitali 32 za mahema, na wakakaa hadi Mei 2006, wakati timu nyingi za nchi nyingine zilikuwa zimeondoka zamani. Wengi kati yao hawakuwa wamewahi kuona theluji. Kwa kuwa waganga wengi wa Cuba walikuwa wanawake, akina mama wa milimani ambao wasingekubali kupimwa na mwanamume walipata tiba. Jeshi la Marekani nalo lilifungua hospitali Muzaffarabad, ya mwisho ya aina ile iliyojulikana tangu vita vya Korea, na mwezi Februari 2006 likaiacha kwa Pakistan na vifaa vyake vyote.

Lakini jambo kubwa lilikuwa kalenda. Theluji ilitarajiwa ndani ya wiki chache, na mamia ya maelfu ya watu walikuwa juu ya mita 1,500. Fedha zilichelewa. Dunia ilikuwa imetoa kwa mikono miwili baada ya tsunami ya Desemba 2004. Safari hii Umoja wa Mataifa uliomba dola milioni 550, na hadi mwisho wa Oktoba haukuwa umepata hata theluthi moja. Wahusika walionya hadharani kuwa fedha za kurushia helikopta zilikuwa zinakwisha. Mahema nayo yalikuwa kitendawili. Yaliletwa kwa wingi kutoka nchi nyingi, lakini sehemu kubwa ilikuwa ya kitambaa chepesi, kisichohimili theluji. Waliowasha majiko na mishumaa ndani yake ili wapate joto waliunguza mahema, na wengine waliungua humo.

Hapo ndipo palipozuka swali ambalo kila kambi inalijua. Je, watu washushwe wapelekwe walipo watoa misaada, au misaada ipandishwe mahali walipo watu? Wakuu wengi mwanzoni walitaka watu washuke, kwa kuwa mgao ni rahisi katika uwanja wenye safu na namba. Wenyeji wa juu walikataa. Nyumba ilikuwa imeanguka, ndiyo, lakini ng'ombe, mbuzi, akiba ya mahindi na majani ya mifugo vilibaki. Kadhalika walikuwa na makaburi mapya, na waliogopa kwamba atakayeondoka atakuta shamba lake lina mwenyewe mwingine. Sisi tulioacha mashamba nyuma hatuhitaji kuelezwa hofu hiyo.

Ndipo jeshi, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM) na mashirika mengine walipoanzisha kampeni iliyoitwa mbio za kushindana na baridi. Shabaha ilikuwa chumba kimoja chenye joto kwa kila kaya kabla theluji haijafunga njia. Hawakutafuta nyumba kamili. Familia ilipewa mabati, misumari, waya, nyundo, msumeno na sururu. Mbao na mawe zilitolewa katika kifusi cha nyumba yao wenyewe. Bati hilo lingeweza kutumika tena siku ya kujenga nyumba ya kudumu, faida ambayo hema halina. Kwa maoni yetu uamuzi huo ndio uliookoa maisha kuliko mwingine wowote wa miezi ile, na ulianza kwa kuwasikiliza watu waliokataa kushuka. Haki itendeke pia kwa hali ya hewa, kwani baridi ya mwaka ule haikuwa kali kama ilivyotabiriwa. Wimbi la pili la vifo lililohofiwa halikutokea.

Waliokubali kushuka, karibu 300,000, waliishi kambini, nyingi zikiwa kambi ndogo zilizojiotea kando ya barabara. Kubwa kuliko zote ilikuwa Meira, walikokaa watu wa bonde la Allai. Huko wasichana kadhaa wa Allai waliingia darasani kwa mara ya kwanza maishani, kwa kuwa kule juu hapakuwa na shule yao. Ni ajabu, lakini walimu wa kambi yoyote wataliamini hilo.

Kuhusu utaratibu wa kugawana kazi: mwaka 2005 wakuu wa mashirika walikubaliana kwamba kila fani iwe na shirika moja la kuongoza na kuulizwa, nao wakaziita fani hizo klasta. Mpango ulikuwa uanze mwaka 2006, lakini tetemeko halikungoja. IOM ikapewa makazi ya dharura, UNHCR kambi, UNICEF maji, na kadhalika. Faida ilionekana, kwani ilijulikana nani wa kulaumiwa. Kasoro nazo zilionekana. Mikutano ilikuwa mingi mno, iliendeshwa kwa Kiingereza, na vyama vya wenyeji, vilivyofika kwanza, mara nyingi havikuwa na kiti. Mwanzoni mwa 2006 utaratibu huo ulipelekwa Kongo, Uganda na Liberia kwa ajili ya watu waliohama ndani ya nchi zao. Sisi tuliovuka mpaka tulibaki chini ya UNHCR. Hivyo mtu wa Kivu aliyehama kijiji akabaki nchini anaweza kuhudumiwa na klasta, na ndugu yake aliyevuka mpaka akahudumiwa kwa utaratibu mwingine, ingawa waliondoka usiku mmoja.

Kazi ya kujenga upya ilikabidhiwa mamlaka maalumu, ERRA, iliyoundwa Oktoba 2005. Kaya iliyopoteza nyumba ilipewa rupia 175,000 kwa mafungu, na fungu lililofuata lilitoka baada ya fundi kukagua hatua iliyofikiwa. Mwenyewe ndiye aliyejenga. Mwanzoni wataalamu walitaka matofali ya zege na nondo. Lakini ilikuwa imeonekana kwamba nyumba nyingi za kizamani za fremu za mbao zilizojazwa mawe madogo, ziitwazo dhajji, zilikuwa zimesimama pale ambapo zege lilianguka. Wenyeji walianza kuzijenga bila kungoja ruhusa, na mwishoni mwa 2006 ERRA ikazikubali. Zaidi ya nyumba 400,000 za vijijini zilijengwa upya. Mpangaji asiye na ardhi alipata shida zaidi kuingizwa katika orodha, na vilevile mjane asiye na cheti.

Kambi ziliamriwa kuanza kufungwa tangu tarehe 31 Machi 2006. Wengi walirudi kwa furaha kupanda mahindi. Wengine hawakuwa na pa kurudi, kwa kuwa shamba lenyewe lilikuwa limeporomokea mtoni, nao walihama kutoka kambi iliyofungwa hadi iliyosalia. Kwa wakazi wa Balakot serikali ilitangaza kwamba mji wao umekaa juu ya ufa na usijengwe tena kwa kudumu, ikaahidi mji mpya mahali paitwapo Bakrial. Ardhi ya Bakrial ilikuwa na wenyewe, kukawa na mabishano ya fidia, na kazi ikasimama. Miaka mingi baada ya tetemeko, watu wa Balakot walikuwa bado wanaishi pale pale juu ya ufa, katika vibanda vya muda vilivyoletwa na wafadhili, wakiwa na vyeti vya viwanja vya mji ambao haujajengwa.