Kutoka Kadi hadi Kongoo: Historia ya Vitendea Kazi vya Mtafiti wa Kiswahili Chuoni

Ikisiri

Historia ya taaluma ya Kiswahili kwa kawaida husimuliwa kwa kufuata majina ya watu, taasisi na vitabu. Makala hii inaisimulia kwa kufuata vitendea kazi: kadi, taipureta, stensili, kompyuta na printa. Ikianzia Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 na kuishia katika toleo la pili la Kongoo ya Kiswahili ya Helsinki la mwaka 2016, makala inaonesha kwamba kila kifaa kilichangia kuamua maswali ambayo mtafiti, hasa mwanafunzi wa uzamili na uzamivu, aliweza kuyauliza. Inahitimisha kuwa, kwa watafiti wengi wa Kiswahili katika Afrika Mashariki, kompyuta ilikuwa kifaa cha kuchapia kabla ya kuwa kifaa cha kuchunguzia lugha, na kwamba athari za mfuatano huo zingali zinaonekana.

1.0 Utangulizi

Kitenzi *chapa* kina kazi nyingi katika Kiswahili. Humaanisha kupiga, huwa kuandika kwa mashine, na huwa pia kutoa maandishi kwenye karatasi. Nomino *chapa*, yenye asili ya Kihindi, ilikwishakaa katika lugha kwa maana ya alama iliyogandamizwa, na kutokana na *kupiga chapa* akapatikana *mpigachapa*. Umbo la *chapisha* limebeba mzigo mwingine, yaani kuitoa kazi mbele ya wasomaji. Mwanafunzi anayesema kwamba amekwenda “kuchapa tasnifu” anaweza kuwa anazungumzia kuiandika kwenye mashine au kuitoa kwenye karatasi. Msimamizi wake anapomhimiza “kuchapisha” anazungumzia jambo jingine kabisa.

Msamiati huu una historia ndani yake. Mashine yenyewe iliitwa *kompyuta* kwa mkopo wa moja kwa moja, ilhali nchini Kenya jina la *tarakilishi* limeenea shuleni na katika vitabu, na ndani yake inasikika *tarakimu*. Majina yote mawili yanaelekeza kwenye hesabu. Hata hivyo, mwanafunzi wa Kiswahili aliijua mashine hiyo kupitia kitenzi *chapa*: aliiendea ili apate karatasi. Swali linaloongoza makala hii ni hili: matumizi hayo yaliuathirije utafiti wenyewe?

2.0 Kadi, Taipureta na Stensili

Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930, jukumu lake lilikuwa kusanifisha lugha iliyokuwa ikiandikwa kwa namna mbalimbali. Makao yake yalihama kutoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, Makerere na Mombasa kabla ya kurejea Dar es Salaam katika miaka ya 1960, ambako ilizaa chuo cha uchunguzi kilichokuja kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) mwaka 1970. Katika kipindi hicho chote leksikografia ilitegemea karatasi. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyohusishwa na Frederick Johnson, iliyotoka mwaka 1939 baada ya kifo chake, na *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ya TUKI ya mwaka 1981, ni kazi za zama ambazo neno lilinukuliwa kwa mkono, likapangwa kwa mkono na kutafutwa kwa mkono.

Utaratibu huo ulikuwa na ugumu wa pekee kwa lugha ambishi bainishi. Chukua neno *wasipotuchapishia*. Mpangaji wa kadi hawezi kuliweka chini ya herufi W. Ni lazima aondoe *wa-* ya nafsi, *-si-* ya ukanushi, *-po-* ya sharti na *-tu-* ya mtendwa, kisha atambue kwamba *-chapishia* ni mnyambuliko wa *chapa*. Kwa mjuzi wa lugha, kazi hiyo ni ya kufumba na kufumbua jicho. Ikirudiwa kwa maelfu ya maneno, inakuwa kazi ya miaka. Kamusi ya Johnson ililikabili tatizo hilo kwa kupanga maneno mengi chini ya mizizi yake. Msomaji alihitaji kuijua mofolojia kabla ya kulipata neno analolitafuta.

Matokeo yake hayakuishia kwenye kamusi. Maswali ya mgawanyo na marudio yalikuwa ghali mno kuulizwa. Mfano mzuri ni urejeshi: je, *ambaye* inaisogeza kando *-ye-* katika maandishi ya kisasa, na kama ndivyo, ni katika matini za aina gani? Mtafiti mwenye kadi alipaswa kusoma maelfu ya kurasa ili kupata jibu la kuaminika. Ilikuwa rahisi zaidi kutoa sentensi kutoka katika umilisi wake mwenyewe na kuzihukumu kuwa sahihi au si sahihi. Kuegemea sentensi za kutungwa kulikuwa na sababu zake za kinadharia, lakini kulikuwa pia na sababu ya kawaida kabisa, nayo ni muda wa mtu mmoja mwenye sanduku moja la kadi.

Taipureta nayo ilikuwa na masharti yake. Katika jambo moja Kiswahili kilikuwa na bahati: othografia sanifu ya Kilatini haihitaji alama juu ya herufi, na hata *ng'* hutosheka na ritifaa iliyo kwenye mashine ya kawaida. Mwandishi wa Kikuyu, ambaye *ĩ* na *ũ* ni sehemu ya alfabeti yake, hakuwa na nafuu hiyo. Lakini bahati hiyo ilikomea kwenye Kiswahili sanifu. Tofauti ya *t* ya meno na *t* ya ufizi katika Kimvita haikuwa na kitufe, na hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu hazikuwa na mahali kabisa. Wakati J. W. T. Allen alipotoa mwaka 1970 katalogi ya hati na kanda za Kiswahili na Kiarabu zilizomo katika maktaba ya chuo cha Dar es Salaam, hazina hiyo ilikuwa tayari kwa msomaji, lakini mashine ya mwandishi haikuwa tayari kwa hazina hiyo. Mwanafunzi alilazimika kuunukuu utenzi kwa herufi za Kilatini na, palipohitajika mfano wa hati asilia, kuacha nafasi tupu na kuandika kwa kalamu. Hivyo hati ikawa chanzo cha kurejelewa, na nakala ya Kilatini ikawa ndiyo matini inayochambuliwa.

Kusahihisha kulikuwa na gharama pia. Aya iliyoongezwa katikati ya sura ilidai kurasa kadhaa zichapwe upya, na kosa kwenye stensili lilirudufiwa pamoja na maneno yaliyo sahihi. Mwanafunzi asiyekuwa na taipureta alimtegemea mpigataipu, ambaye hakuwa mwanaisimu lakini ndiye aliyekuwa wa mwisho kuigusa tahajia ya tasnifu.

3.0 Kompyuta Mbali na Wazungumzaji

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata hadhi ya kujitegemea mwaka 1970. Miaka minne baadaye, mwaka 1974, serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni nchini. Masharti hayo yalilegezwa hatua kwa hatua baadaye, lakini kipindi hicho ndicho ambacho idara za isimu za Ulaya na Marekani zilizidi kuingiza matini kwenye mashine. Nchi iliyokuwa imekipa Kiswahili nafasi pana kuliko nyingine yoyote katika shughuli za dola haikuwa, kwa wakati huo, mahali pa kukichunguza kwa kompyuta.

Kazi hiyo ilikomaa Helsinki. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi alikuwa amewasilisha modeli ya mofolojia ya ngazi mbili, iliyoliwezesha umbo la nje la neno kuhusishwa na umbo lake la ndani. Kifini ni lugha yenye viambishi vingi, na modeli iliyofaa huko ilikuwa na mvuto kwa lugha za Kibantu. Arvi Hurskainen alianza katikati ya miaka ya 1980 kuitumia kwa Kiswahili, na mwaka 1992 akachapisha maelezo ya uchanganuzi huo. Baadaye ulikua na kuwa mfumo wa SALAMA. Kile ambacho mpangaji wa kadi alikifanya kwa *wasipotuchapishia*, programu iliweza sasa kukifanya kwa neno lolote ambalo mzizi wake ulikuwa katika leksikoni yake. Katika miaka hiyohiyo, mradi wa pamoja wa vyuo vikuu vya Helsinki na Dar es Salaam ulikusanya uwandani data za lahaja na fasihi simulizi. Wazungumzaji na watafiti wa Tanzania walikuwa sehemu ya kazi hiyo. Mashine kwa kiasi kikubwa ilikuwa upande mmoja.

Mfano wa pili unamhusu mwanafunzi moja kwa moja. Mwaka 1994 Martin Benjamin, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu wa anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Yale, alianzisha kamusi ya Kiswahili kwenye intaneti. Hakuwa na taasisi ya leksikografia nyuma yake. Alikuwa na mtandao wa chuo na watu waliokuwa tayari kuchangia maingizo. Mfano huo unaonesha kile ambacho miundombinu ya kawaida ya chuo, iliyowekwa kwa matumizi ya kila siku, inaweza kuzaa inapokuwa mikononi mwa mwanafunzi mwenye swali. Mwanafunzi wa umri na uwezo huohuo Dar es Salaam au Nairobi mwaka huo hakuwa na nyenzo kama hizo.

4.0 Steshenari na Mstari Mwekundu

Kompyuta zilipoenea katika vyuo vya Afrika Mashariki, zilileta pamoja nazo uchumi wake. Kandokando ya kampasi yalijitokeza maduka ya steshenari yanayochapa, kuprinti, kutoa kopi na kujalidi. Mwanafunzi alikwenda na muswada wa mkono, na baadaye na flashi. Huduma hizo zimebeba sehemu kubwa ya uzalishaji wa tasnifu, na ni vigumu kuandika historia ya elimu ya juu bila kuzitaja. Lakini zilihesabiwa kwa ukurasa. Kompyuta ilikuwa hatua ya mwisho ya utafiti, baada ya data kukusanywa na kuchambuliwa kwingine.

Ndani ya mashine hiyo Kiswahili kilikuwa mgeni. Programu ya kuandikia iliyotengenezwa kwa Kiingereza ilipigia mstari mwekundu karibu kila neno la tasnifu, hata mstari huo ukapoteza maana: kosa halisi lilijificha miongoni mwa maneno sahihi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioihusisha Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na washirika kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton alihusika na kikagua tahajia cha Kiswahili, na Microsoft nayo ikatoa violesura vya Kiswahili kwa programu zake katika miaka hiyo.

Juhudi hizo zilikutana na matatizo mawili ambayo wanaisimu walikwishayafahamu. La kwanza ni mofolojia. Orodha ya maneno, hata ikiwa ndefu, haiwezi kuyamaliza maumbo ya kitenzi kimoja, kwani kila nafsi, njeo, mtendwa na mnyambuliko huzidisha idadi. Kikagua tahajia kizuri cha Kiswahili kinahitaji sarufi ndani yake. La pili ni istilahi. Je, amri ya kutoa maandishi kwenye karatasi iitwe *chapa* au *chapisha*? La kwanza linachanganyika na kuandika kwa mashine, la pili na kutoa kitabu. Ni suala dogo kwenye menyu, lakini ni la aina ileile inayojadiliwa katika semantiki na usanifishaji. Lilihitaji meza moja kati ya wataalamu wa kompyuta na wataalamu wa lugha, na muundo wa vyuo uliziweka idara hizo mbalimbali.

5.0 Kongoo na Mlango Wake

Mwaka 2004 Kongoo ya Kiswahili ya Helsinki ilikuwa na takriban maneno milioni 12.5; toleo la pili, la mwaka 2016, lina takriban milioni 25. Limo ndani yake habari za magazeti, vitabu na kumbukumbu za mijadala ya Bunge la Tanzania. Swali la *ambaye* na *-ye-*, lililokuwa kazi ya miaka kwa mwenye kadi, sasa linaweza kuanza kujibiwa kwa siku moja. Mwaka 2009 mkebo wa baharini wa SEACOM ulifika Mombasa na Dar es Salaam, na katika mwaka huohuo TUKI na Idara ya Kiswahili ziliunganishwa kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI). Umbali kati ya mtafiti na kongoo ukapungua sana.

Haukuisha. Maneno yaliyotamkwa bungeni Dodoma yamehifadhiwa, kupangwa na kuwekewa vitambulisho vya kisarufi nchini Ufini, na mwanafunzi wa Dar es Salaam huyaendea kupitia mlango unaosimamiwa na taasisi ya huko. Hakuna dhuluma katika hilo. Waliofanya kazi hiyo waliifanya kwa uaminifu na kuiweka wazi kwa watafiti. Lakini uteuzi wa matini, mipaka ya aina za maandishi na namna ya kuainisha maneno ni maamuzi ya kinadharia, na anayetumia kongoo ya mwingine huyarithi maamuzi hayo. Upande wa hati za Kiarabu, zana kama Andika! ya Kevin Donnelly zimeonesha kwamba nafasi tupu iliyoachwa na taipureta inaweza kujazwa. Kinachobaki ni wanafunzi kufundishwa kuzitumia.

6.0 Hitimisho

Historia hii inaonesha kwamba vitendea kazi havikuwa pambo la utafiti wa Kiswahili. Kadi zilihimiza utafiti wa umilisi, taipureta iliipa matini ya Kilatini uzito kuliko hati, na kompyuta ya kuchapia ilimfanya mtafiti kuwa mteja wa karatasi. Lipo jambo moja ambalo vyuo vinaweza kulitenda bila kusubiri mashine mpya. Tangu miaka ya 1970, tasnifu zilizoandikwa kwa Kiswahili zimekuwa zikichapwa, kujalidiwa na kupangwa rafuni. Ndizo mkusanyo wenye thamani kubwa wa nathari ya kitaaluma ya lugha hii, na nyingi za miongo ya karibuni ziliwahi kuwa faili kabla ya kuwa kitabu. Chuo kinachoipokea faili pamoja na nakala iliyojalidiwa, kwa idhini ya mwandishi na kwa umbo linalosomeka kwa mashine, kitakuwa kimeanza kujenga kongoo yake kwa kazi za wanafunzi wake wenyewe.