Umri Ulioachiwa Wazazi

Lawama iliyozoeleka Singida mjini, kama ilivyozoeleka katika miji mingine ya Tanzania, ni kwamba wazazi wa leo wameshindwa kulea vijana. Baba hana sauti, mama anadekeza, simu imechukua nafasi ya wote wawili, na zamani mtoto wa miaka kumi na mitano alijua mipaka yake. Mzazi wa mtaa wa Utemini mwenye kijana wa kidato cha pili husomewa hukumu hiyo kila upande, na mara nyingi huinamisha kichwa akaikubali. Nadhani anakubali upesi mno. Ukiifuatilia historia ya Unyaturu, nchi ya Wanyaturu ambamo mji huu umeota, unakuta kwamba babu yake hakuifanya kazi hii vizuri kuliko yeye. Babu hakupewa kazi hii kabisa.

Tuanzie zizini. Harold Schneider, mwanaanthropolojia wa Kimarekani aliyefanya utafiti kwa Wanyaturu wa kundi la Wahi mwaka 1959 na 1960 na kutoa kitabu chake mwaka 1970, alieleza uchumi ambao haukuweza kwenda bila vijana. Mvulana alichunga. Ng'ombe walilala zizini, samadi ya zizi ikarutubisha shamba la mtama na uwele, nafaka iliyozidi ikabadilishwa kwa ng'ombe, na ng'ombe wakatoa mahari. Baba alimhitaji mwana malishoni, na mwana asingeoa bila ng'ombe wa baba, au tuseme ng'ombe wa nyumba ya mama yake, maana kwenye kaya ya wake wengi kila nyumba ilikuwa na fungu lake. Heshima tunayoililia leo ilisimama juu ya mzunguko huo. Ndiyo maana ilianza kulegea mapema, kabla hata ya uhuru, pale vijana wa Singida walipokwenda kufanya umanamba kwenye mashamba ya mkonge na kurudi na fedha ambazo baba hakuzigawa. Wakati huo hakuna aliyekuwa na simu ya kulaumiwa. Kijana wa bodaboda anayerudi nyumbani saa tano usiku na hesabu yake mfukoni ni mjukuu wa manamba huyo, na baba yake hana zizi la kumrudishia adabu.

Ng'ombe walishika utii tu. Mafunzo yalikuwa mikononi mwa wengine. Mambo ya mwili, ya ndoa na ya siri za utu uzima hayakuwa mazungumzo ya baba na mwanawe, wala ya mama na bintiye. Yalikuwa aibu. Yalipelekwa jandoni kwa wazee waliowekwa kwa kazi hiyo, kwa wanawake wakubwa waliowaweka wasichana ndani, na kwa babu na bibi, ambao utani wao na wajukuu uliwaruhusu kusema lolote. Pwani mgawanyo ulikuwa huohuo: Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye desturi alizoziandika zilichapishwa Ujerumani mwaka 1903, anaonyesha kungwi na somo wakishika kazi ambayo mzazi hakuigusa. Mzazi alilisha, aliamuru, alitafuta mahari. Ile miaka ya shida, mtoto anapoanza kumtazama mzazi kama adui, wengine waliibeba.

Atakuja mtu aniulize kama nataka kurudisha jando na unyago, na kisu chake. Sitaki. Ukeketaji uliumiza wasichana kwa vizazi, na mafunzo mengi yaliyofuatana nao yaliwafundisha kunyamaza. Lakini angalia kilichotokea ulipopigwa vita. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliufanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 bado ulikuta asilimia 31 ya wanawake wa mkoa wa Singida walio kati ya miaka 15 na 49 wamekeketwa, wakati kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 10. Na katika Singida na Dodoma watu walikuwa wamekwisha kuihamishia shughuli hiyo kwa watoto wachanga, kwa imani kwamba inatibu lawalawa, maambukizi ya sehemu za siri. Mtoto wa miezi mitatu hawezi kufundishwa neno, wala hawezi kwenda kushtaki. Kwa maneno mengine, sheria ilikusudia kuondoa kisu, na katika nyumba nyingi kilichoondoka ni mafunzo.

Mafunzo nayo hayakufa; yalihamia ukumbini. Kungwi wa leo anavaa vitenge vya sare, anashika kipaza sauti kwenye kitchen party, na anamfunda bibi harusi mwenye shahada, kazi ya benki na miaka ishirini na saba. Sina ugomvi na sherehe hiyo, ingawa michango yake ina ugomvi na watu wengi. Tatizo ni umri. Kisu kimerudi nyuma hadi utotoni, somo limesogea mbele hadi mkesha wa ndoa, na miaka kumi na mitatu hadi kumi na minane, ambayo shughuli yote ilipangwa kwa ajili yake, imebaki tupu. Kwa wavulana ni hivyohivyo: wanatahiriwa hospitalini, wanapewa dawa za maumivu na tarehe ya kurudi kusafishwa kidonda, basi.

Miaka hiyo yenyewe imerefuka. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 elimu ya msingi ilipelekwa kwa kila mtoto, lakini wengi waliishia darasa la saba, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Utoto uliisha, utu uzima ukaanza, mlango ukafungwa. Shule za kata zilizojengwa kwa wingi kuanzia mwaka 2004, na kufutwa kwa ada hadi kidato cha nne mwaka 2016, vimembakiza mtoto nyumbani miaka minne zaidi, akiwa na mwili wa mtu mzima na mahitaji ya mtoto. Mwaka huohuo wa 2016 Mahakama Kuu, katika shauri alilofungua mwanaharakati Rebeca Gyumi, iliona vifungu vya ndoa ya miaka 15 vinakiuka Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaunga mkono. Haya yote ni mema. Ila ndiyo yaliyozaa kijana tunayemlalamikia: mtu wa miaka kumi na saba asiyechunga, asiyeoa, anayekula meza moja na wazazi wake kila usiku.

Wengine watasema shule imeziba pengo. Shule imechukua saa za mtoto. Maswali yake haikuyachukua. Kwa miaka mingi jibu lake kwa msichana aliyepata mimba lilikuwa kumfukuza, na ruhusa ya kurudi ilitoka Novemba 2021 tu. Kanisa na msikiti vinasema nini kimekatazwa, lakini havikai na kijana hadi usiku wa manane kumsikiliza. Bibi angeweza, ila yuko kijijini, anaongea Kinyaturu na wajukuu wa mjini wanamjibu kwa Kiswahili, na utani wa namna ile hauendi kwa mkalimani.

Mwingine, na huyu ana hoja nzito zaidi, atasema kwamba mzazi akishajua historia hii atapata kisingizio. Sidhani. Mzazi anayeamini kwamba baba yake aliweza peke yake ataongeza viboko, kisha atakata tamaa. Anayejua kwamba kazi ile iligawanywa ataanza kuuliza nani katika ukoo, au katika mtaa wake wa Utemini, anaweza kusema na kijana wake yale ambayo kinywa cha mzazi hakikuwahi kupewa kuyasema: mjomba, shangazi, fundi anayemfundisha gereji, mwalimu mmoja anayempenda. Na kikao cha wazazi shuleni, ambacho kwa kawaida hujadili michango na matokeo ya mtihani, kingeweza kuanzia na swali hilo kabla ya kufika kwenye madawati.