Umri wa Jiwe

Rasi ya Kiuyu, kaskazini-mashariki ya Pemba, ni nchi ya maweni. Udongo wake ni haba, na jembe halizami sana kabla ya kugonga jiwe. Ukilivunja jiwe hilo waona ndani yake matawi ya matumbawe na magamba ya chaza, dalili iliyo wazi kwamba palipo konde leo palikuwa chini ya bahari. Jicho lafika hapo, halipiti. Laweza kusema kwamba bahari ilitangulia na konde likafuata. Haliwezi kusema ilikuwa lini. Elimu ya mawe nayo ilisimama hapo muda mrefu: iliyajua matabaka kwa mpango wake, la chini likiwa kongwe kuliko la juu, ila miaka yake ilikisiwa tu.

Hesabu ilipatikana baada ya 1896, mwaka ambao Henri Becquerel wa Ufaransa aligundua kwamba urani hutoa mionzi yenyewe, bila kuchochewa na kitu. Ikaja kudhihirika kuwa atomi za namna hiyo huvunjika na kugeuka kuwa atomi za asili nyingine, na kwamba mwendo wa kuvunjika kwake haubadilishwi na joto la ardhi wala uzito wa milima. Hakuna ajuaye ni atomi ipi itakayovunjika kesho. Lakini katika mabilioni yake nusu huisha kwa muda maalumu, na nusu ya zilizosalia huisha kwa muda ule ule tena. Apimaye kilichobaki na kilichozaliwa hupata miaka. Katika 1907 Bertram Boltwood wa Marekani alichapisha umri wa mawe kadhaa kwa kulinganisha urani na risasi itokanayo nayo.

Ugumu uko katika kujua hesabu huanza wapi, na mfano wake ulio bora wapatikana Tanzania bara, katika Korongo la Olduvai. Huko, tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliona fuvu ambalo mumewe, Louis, aliliita Zinjanthropus, kwa jina la Zinj ambalo Waarabu wa kale waliipa pwani hii. Louis alilikisia kuwa na miaka kama 600,000. Fuvu lenyewe halikupimika, kwani kaboni 14 hubaki kidogo mno baada ya miaka kama 50,000. Yaliyopimika ni majivu ya volkano yaliyokuwa pamoja nalo, maana yalikuwa na potasiamu. Potasiamu 40 hupungua kwa nusu kila miaka milioni 1,250, na asilimia 11 hivi ya hiyo inayovunjika huwa gesi ya argoni. Jiwe likiyeyuka, gesi hutoroka, likiganda, hunaswa. Basi argoni huhesabu tangu volkano ilipolipuka, si tangu jambo jingine lolote. Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipata miaka 1,750,000, wakaitangaza pamoja na Leakey katika 1961.

Mwaka ule ule G. H. R. von Koenigswald na wenzake wawili walipima basalti iliyo chini ya tabaka hilo, wakapata kama miaka 1,300,000. Jiwe la chini kuwa changa kuliko la juu ni muhali! Hata hivyo hakuna aliyetilia shaka mwendo wa atomi. Yaliyoshtakiwa ni mawe. Je, basalti ilivujisha gesi kwa kuchakaa? Je, majivu yalichanganyika na punje za miamba ya zamani? Maswali hayo yalikuwa ya haki. Katika 1965 njia nyingine, ya kuhesabu makovu yaachwayo na urani ipasukayo ndani ya kioo cha volkano, ilitoa kama miaka milioni 2, na vipimo vya baadaye vimeuweka umri wa fuvu karibu na milioni 1.8.

Jiwe la Kiuyu halikutoka motoni, na potasiamu haifai kitu kwake. Lakini tumbawe hai hufyonza urani iliyomo katika maji ya bahari, wala halipati thoriamu ila chembe, kwa kuwa thoriamu haiyeyuki majini. Kwa hiyo thoriamu 230 iliyomo katika tumbawe la kale imezaliwa humo humo na urani, na kipimo chake hufaa hadi miaka kama 500,000. Adui wake ni mvua, ambayo Pemba haina uhaba nayo: hupenya jiwe, huchukua urani au huiongeza, na kuligeuza madini ya aragoniti kuwa kalsiti. Mpimaji hutafuta kwanza kipande kisichogeuka; kilichogeuka hukitupa, hata kikitoa tarakimu ya kupendeza.