KISUKARI CHA WATOTO, SEHEMU YA 3: Kabla sindano haijawepo

Mama mmoja kaniuliza: "Nesi, mwanangu atachomwa sindano mpaka lini?" Maisha yote, mama. Ila kabla hujalia, sikia historia hii.

Zamani kongosho la mtoto likiacha kutengeneza insulini, dawa haikuwepo. Madaktari walimpunguzia chakula tu ili asogeze siku. Alikonda mpaka akafa.

Mwaka 1921, huko Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best wakapata insulini kwenye kongosho la mbwa, baadaye la ng'ombe. Januari 11, 1922 akachomwa Leonard Thompson, miaka 14, akiwa hoi. Haikusaidia sana, dawa haikuwa safi. James Collip akaisafisha, Januari 23 wakarudia. Sukari ikashuka! Leonard akaishi miaka 13 zaidi.

Kwetu, Profesa Donald McLarty na wenzake waliwafuatilia wagonjwa wa kisukari Muhimbili, 1981 hadi 1987. Dawa ilikuwepo, lakini wengine bado walifariki. Kwa hiyo kugunduliwa dawa hakutoshi, lazima imfikie mtoto mapema, tena ikiwa nzima. Baridi yetu ya Juni na Julai mnaijua: insulini ikiganda, usiitumie tena.

Mtoto akinywa maji kupita kiasi, akikojoa sana, akirudia kukojoa kitandani, akikonda, usiseme karogwa. Mpeleke apimwe sukari leo leo.

Sindano si adhabu, mama. Leonard aliisubiri akiwa anakufa, mwanao anayo.