Kuazima Si Kukopa

Mwandishi wa programu aliyelelewa na Python au Java akifungua Rust kwa mara ya kwanza, hakwami kwenye alama wala nukta mkato. Anakwama kwenye umiliki. Anaandika `let a = String::from("Asha");` kisha `let b = a;`, halafu anajaribu kuichapisha `a`. Kompaila inamkatalia kwa kosa namba E0382. Alidhani ana majina mawili ya kitu kimoja, kumbe jina la kwanza limekwisha kukabidhi mali.

Rust, iliyoanzishwa na Graydon Hoare mwaka 2006 na kutolewa katika toleo 1.0 Mei 2015, haina mzoa taka wa kukusanya kumbukumbu iliyoachwa, kama ule wa Java, wala haimwachii mwandishi aifute kwa mkono, kama ifanyavyo C. Kila thamani ina mwenyewe. Mwenyewe ni mmoja tu. Akifikia mwisho wa eneo lake, thamani inafutwa papo hapo. Nalipenda neno “mwenyewe” kuliko “mmiliki”. Mmiliki ni mtu wa hati na leseni. Mwenyewe ndiye tunayemuulizia kabla ya kugusa kitu cha watu, na kompaila hii haigusi kitu bila kumuulizia.

Lakini thamani haiwezi kukabidhiwa kila funksheni inayotaka kuitazama. Hapo ndipo inapotolewa kwa muda, kwa rejeo lenye alama ya `&`, na hapo ndipo nimewasikia walimu wakisema “kukopa”. Naona ni kosa kubwa. Anayekopa unga hurudisha unga mwingine. Anayekopa fedha hurudisha noti nyingine. Anayeazima sufuria hurudisha sufuria ileile. Najua mitaani tunasema “niazime elfu tano”, na hakuna anayepotea kwa hilo, ila istilahi haina budi kushika tofauti ambayo mazungumzo huilegeza. Katika Rust kinachorudi ni kilekile, na kwa muda wote huo mwenyewe hakubadilika.

Kuna sababu ya pili, nayo naiona nzito zaidi. Deni halifi na mtu: msibani hutangazwa kwamba anayemdai marehemu ajitokeze, na warithi hulipa. Mwanafunzi aliyefundishwa “mkopo” atatarajia jambo hilohilo kwenye programu, yaani rejeo lidumu hata baada ya mwenyewe kuondoka. Rust inakataza hilo kabisa. Hakuna rejeo linaloruhusiwa kuishi muda mrefu kuliko mwenyewe, na ukaguzi huo hufanyika wakati wa kukompaili, kabla programu haijaanza kwenda. Kosa la kusoma kumbukumbu iliyokwisha kufutwa, ambalo limewasumbua waandishi wa C kwa miongo, linazuiwa hapo.

Kuna azima za aina mbili. Ya kusoma, wanaweza kupewa wengi kwa pamoja. Ya kubadilisha, `&mut`, hupewa mmoja peke yake, na maadamu anayo, hata mwenyewe haruhusiwi kuigusa thamani. Ya kwanza ningeiita “azima ya kutazama”, ya pili “azima ya kurekebisha”. Ni majina marefu, lakini anayeyasikia anajua tayari kwa nini wa pili lazima awe peke yake: wawili wakirekebisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, hakuna awezaye kuamini anachokisoma.