Mbao Zilipokwenda: Tarehe ya Vyombo, Kilwa hadi Lindi

Tarehe ya Kilwa, ile iliyoandikwa kwa Kiarabu na ambayo Mreno João de Barros aliitoa kwa lugha yake mwaka 1552, inaanza na vyombo. Mtawala wa Shirazi na wanawe sita wanapanda merikebu saba, kila mmoja na yake. Ya sita inatua Kilwa, na kisiwa kinanunuliwa kwa nguo. Wanazuoni wameitilia shaka habari hiyo ya Shirazi, na wana haki yao. Mimi nina shaka nyingine. Merikebu saba zinahesabiwa na bandari zake zinatajwa, lakini hatuambiwi mbao zilikatwa msitu gani wala nani aliyezichonga. Pwani yetu imeandikwa hivyo tangu zamani: masultani wana majina yao, fundi hana. Sisi wa Mtanda, kata ya Manispaa ya Lindi, hatuna magofu ya kujivunia kama ya wenzetu wa Kilwa. Labda ndiyo sababu macho yangu hukimbilia chombo kabla ya jumba.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa Sultani Hasan bin Sulaiman, na maandishi ya msafiri huyo yanausifu mji kwa uzuri na kusema ulijengwa kwa mbao. Wachimbaji wa mambo ya kale, waliokuta Msikiti Mkuu na jumba la Husuni Kubwa vya mawe ya matumbawe, wamebishana naye sana. Lakini hata majumba ya mawe yalipimwa kwa mti. Vyumba vya Kilwa Kisiwani na vya kisiwa jirani cha Songo Mnara ni virefu na vyembamba kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki nafasi kubwa. Mgeni anayepiga picha ukuta wa Songo Mnara anapiga pia kipimo cha mti ulioota matopeni.

Vyombo navyo vilishonwa. Wareno wa Francisco de Almeida, walioingia Kilwa kwa mabavu Julai 1505, waliacha maelezo ya majahazi makubwa yaliyolala ufukweni bila msumari hata mmoja, mbao zake zimefungwa kwa kamba za nazi, yakisukumwa majini pale tu safari ilipowadia. Hayo ndiyo yaliyokwenda kusini hadi Sofala kuchukua dhahabu iliyoutajirisha mji. Kilwa ilikuwa na bahati ya upepo pia: chombo kutoka Arabuni au Bara Hindi kiliweza kushuka na kaskazi na kurudi na kusi mwaka huohuo, lakini kusini zaidi ya hapo hesabu ya misimu ilikuwa ngumu. Kwa hiyo safari ya Sofala ilibaki mikononi mwa vyombo vya wenyeji. Wareno waliondoka mwaka 1512, na msumari ukaingia polepole. Mitepe, vyombo vya mwisho vya kushonwa, iliendelea pande za Lamu hadi karne ya ishirini.

Sitaki kuipamba tarehe hii. Vyombo hivyohivyo vilibeba watu. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka, na katika karne ya kumi na tisa Kilwa Kivinje ilikuwa mlango mkuu wa misafara iliyotoka Ziwa Nyasa. Fundi aliyechonga jahazi la pembe za ndovu alichonga na la watumwa. Mkataba wa Sultani Barghash wa 1873 ulipiga marufuku biashara hiyo baharini, na Kivinje haijarudi kuwa tajiri tangu hapo.

Wajerumani walipokuja waliiangalia mikoko kama mali ya kuandikwa daftarini, wakaitia delta ya Rufiji katika hifadhi ya serikali. Biashara haikukoma. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri ndani ya chombo cha Kuwait hadi Rufiji, akawaona mabaharia wakiingia kwenye matope na mbu kutafuta shehena ya boriti. Nyumba za Ghuba, kule ambako mti ni adimu, ziliezekwa kwa miti ya kwetu. Baadaye mafuta yaliwaletea watu wa Ghuba chuma na saruji, misafara ikapungua, na mwaka 1987 Tanzania ikapiga marufuku ukataji wa mikoko. Pesa za boriti zilimwagika kwa vizazi vingi, na zilichoacha Rufiji na Kilwa ni kidogo mno. Tuliuza mti mbichi.

Sasa nije kwa fundi mwenyewe. Hana mchoro. Mteja anakuja na hesabu ya dhiraa, wanakubaliana urefu wa mkuku, uti wa mgongo wa chombo, mengine yote yamo katika jicho na kamba. Mkuku hulazwa juu ya magogo chini ya mkorosho au mnazi, kisomo husomwa, kisha husimamishwa hanamu mbele na fashini nyuma. Mbao ndefu za ubavuni hutaka mti ulionyooka na usiooza upesi: mkongo, ule ambao Unguja huitwa mbambakofi, au mvule, au mninga ukipatikana. Mataruma, mbavu za ndani, ni kinyume chake. Hayo hutafutwa kwenye mti uliopinda wenyewe, tawi lililokua kwa umbo la ubavu wa chombo, maana mti uliokatwa ukapindishwa hupasuka. Ndiyo maana fundi mzuri zamani aliingia msituni na shoka lake kabla hajaagiza chochote. Alikuwa anasoma matawi. Mkoko wa mlilana ulipendwa sana kwa kazi hiyo.

Kila tundu la msumari hutobolewa kwa keekee, na kichwa cha msumari huvishwa uzi wa pamba kabla ya kugongwa ili maji yasipate njia. Kisha kalafati: pamba iliyolowekwa mafuta ya nazi au sifa ya papa husukumwa kwa patasi katika kila mwanya, kazi ya siku nyingi ambayo huachiwa vijana na kusimamiwa na wazee, kwa sababu mwanya mmoja uliosahauliwa hujulikana usiku, baharini. Chini hupakwa deheni, chokaa na shahamu, kuwazuia wadudu wanaotoboa mbao. Na hata hivyo kila baada ya muda chombo hupandishwa pwani, kikachomwa ubavu kwa makuti, kikapakwa upya. Chombo kinachotunzwa hivyo humzika nahodha wake wa kwanza.

Kazi hii iliishi kwa sababu kusini hakukuwa na njia nyingine. Masika yalipoingia, barabara ya Dar es Salaam ilikuwa hadithi. Magari yalikwama Rufiji kwa siku na wiki. Nazi, chumvi, mihogo, samaki wakavu na wanafunzi wa shule, vyote vilipanda jahazi. Lindi hapa, ambako zamani kulikuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini kabla mradi wa karanga wa Waingereza haujaipa Mtwara bandari yake ya kina kirefu, tuliijua bahari kuliko barabara.

Halafu mwaka 2003 likafunguliwa Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, mita 970. Hakuna mtu wa kusini anayelisema vibaya daraja lile, wala mimi sithubutu. Wagonjwa walifika hospitali ya Muhimbili. Lakini kwa fundi wa vyombo lilifanya mambo mawili kwa pamoja. Lilimwondolea shehena, kwa kuwa lori lilifika siku hiyohiyo na halikungoja upepo. Na lori hilohilo, likirudi kaskazini, lilirudi na mti wake. Mkongo, mninga na mpangapanga za Kilwa, Liwale na Rufiji ziliondoka kama magogo kuelekea bandarini na kutoka hapo hadi China. Utafiti wa shirika la TRAFFIC uliotolewa mwaka 2007 ulikadiria kwamba hadi asilimia 96 ya mapato ambayo Serikali na halmashauri zingepata kwenye mbao hayakukusanywa. Ulionyesha pia kwamba China iliandika kupokea mbao za Tanzania mara kumi ya zile ambazo Tanzania iliandika kuzipeleka. Magogo tisa kati ya kumi, basi, hayakupita mbele ya karani yeyote wa kwetu. Wakati huohuo fundi wa Kivinje aliyetaka vipande vichache vya mkongo alitakiwa leseni, mrabaha, hati ya kusafirishia na muhuri wa nyundo. Nampa haki ofisa wa misitu anayefuata sheria. Ila sheria ile ilimkamata mwenye mkokoteni.

Dawa ilianza kupatikana vijijini. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuusimamia, na kubaki na mapato yake. Wilayani Kilwa kazi hiyo ilisukumwa na shirika lenye ofisi Kilwa Masoko, Mpingo Conservation & Development Initiative, lililozaliwa na utafiti wa wanafunzi wa Cambridge katika miaka ya 1990. Mwaka 2009 misitu ya vijiji hivyo ilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, FSC, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii. Vijiji kama Kikole na Nanjirinji vikaanza kuuza miti iliyohesabiwa na kuwekwa alama, na pesa ikajenga madarasa na ofisi za kijiji. Mpingo wenyewe, mti mzito unaozama majini na usiofaa chombo, huenda Ulaya kuwa zumari na klarineti. Sina kinyongo na wapiga klarineti. Najiuliza tu kwa nini orodha ya wanunuzi wanaotarajiwa ina kiwanda cha ng'ambo, ina mwenye duka la samani Dar es Salaam, na haina fundi wa jahazi aliye wilaya hiyohiyo.

Utalii nao una tarehe yake. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya yaliyo hatarini kwa sababu bahari ilikuwa inakula kuta. Mwaka 2014 yakatolewa humo, baada ya ukarabati na, jambo linalonifurahisha, baada ya kupandwa mikoko ya kuzuia mawimbi. Siku hizi TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, ndiyo inayosimamia eneo, na meli za kitalii hutia nanga nje zikashusha wageni kwa saa chache. Wageni wengi hutazama, hupiga picha, na kurudi melini kula. Lindi tuna kisa chetu kichungu zaidi: mifupa ya mijusi mikubwa ya Tendaguru, iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913, ilibebwa vichwani hadi bandari hii na kupakiwa kwenda Berlin, ambako mjusi mmoja amesimamishwa katika jumba la makumbusho tangu 1937, kimo cha mita 13 hivi. Watalii wake hawapandi boti za Lindi.

Kwa hiyo wale wanaotuambia tuache mbao tushike utalii, na wale wanaosema utalii ni ndoto tukate miti, wote naona wanabishana juu ya maiti ya mtu wa tatu. Mbao zilizoundwa kuwa chombo ndizo zenye thamani kwa pande zote mbili. Waomani wamelijua hilo. Watu wa Sur, ambao mababu zao walikuja na kaskazi hadi huku, walichangishana wakainunua tena kutoka Yemen mwaka 1993 merikebu yao Fatah al-Khair, iliyoundwa Sur mwaka 1951, na leo imesimama mjini mwao ikitazamwa. Oman ikaunda pia chombo cha kushonwa, Jewel of Muscat, kilichofika Singapore mwaka 2010. Mbao zake zilitoka Ghana, za jamii moja na mkongo wetu. Zanzibar ilishona mtepe mmoja ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Lamu, mbao zilipokuwa ghali, fundi Ali Skanda na wenzake wakaunda Flipflopi kwa taka za plastiki, nayo ikafika Unguja mwaka 2019. Huo ni werevu, na pia ni dalili ya njaa ya mbao.

Septemba 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi Kilwa Masoko, na wavuvi wa pwani wakapewa boti za kisasa za mkopo, za faiba. Faiba haihitaji deheni wala makuti, na mvuvi anayeichagua simlaumu. Lakini mkopo wa faiba unalipa kiwanda, na hakuna mkopo wa namna hiyo unaolipa mkuku. Wala barabara si ya kutegemewa daima: Mei 2024 mafuriko yaliyoandamana na kimbunga Hidaya yakavunja barabara eneo la Somanga, na kwa siku kadhaa kusini ikakatika na Dar es Salaam kama enzi za kabla ya daraja.

Mlango wa bahari kati ya Masoko na Kisiwani ni kilomita mbili hivi, na kila mgeni lazima auvuke kwa kibali. TAWA inaweza kuweka sharti kwamba sehemu ya safari hizo ziende kwa mashua za mbao zilizoundwa wilayani, kwa tanga upepo ukiruhusu, na fundi alipwe kila mgeni anapotaka kuona kazi ikifanyika Kivinje. Kwa Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa ninalo ombi moja tu: kila kijiji chenye msitu wake kitenge kila mwaka mikongo michache kwa mafundi wa vyombo, kwa bei ya kijiji na kwa hati moja, kabla mnunuzi wa Dar es Salaam hajafika na lori lake.