SADAKO: MZIMU ULIOHAMA KUTOKA KWENYE MKANDA HADI MTANDAONI

Upande wa Sitalike, kijiji kilicho mlangoni mwa Hifadhi ya Katavi, mzimu una makazi yanayojulikana. Wenyeji husimulia kuwa Katabi, mwindaji wa zamani, anaishi kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na watu humpelekea sadaka palepale. Unaogopa? Usiende. Wajapani wao wakaleta mzimu unaokufuata mpaka sebuleni.

Januari 31, 1998 filamu ya Ringu ya Hideo Nakata iliingia kwenye kumbi za sinema Japani, ikitokana na riwaya ya Koji Suzuki ya 1991. Stori yake: ukiangalia mkanda fulani wa video, simu inalia, na baada ya siku 7 umekwisha. Sadako, yule binti wa nywele zilizofunika uso, anatoka ndani ya TV kabisa! Kupona kupo: toa kopi, mwonyeshe mtu mwingine. Ndiyo maana mwishoni mama mmoja anaondoka kumpelekea baba yake mzazi mkanda ule, ili mwanaye apone.

Wengi hawajui kwamba siku hiyohiyo ulitoka na mwendelezo, Rasen. Ulibuma. Ulileta maelezo ya kisayansi, mambo ya virusi, na hofu ikakata. Mwaka 1999 ikatengenezwa Ringu 2, ikaipita Rasen kama vile haikuwahi kuwepo.

Teknolojia ikabadilika, mizimu nayo ikahama. Kwenye Kairo (2001) inapitia intaneti. Kwenye Chakushin Ari ya Takashi Miike unapigiwa na namba yako mwenyewe, unasikia sauti yako ya dakika za mwisho. Hiyo ikazaa sehemu ya pili 2005 na ya tatu 2006. Mikanda ilipopotea madukani, Sadako hakufa nayo: kwenye Sadako 3D (2012) akaibukia kwenye video ya mtandaoni.

Kitu kimoja tu hakijabadilika, ile kopi. Ile meseji ya WhatsApp inayosema "tuma kwa watu 10, usipotuma utapata balaa" ni mkanda wa Sadako bila picha. Anayeituma anajua kabisa anamtwisha mwenzake mzigo, na bado anabonyeza. Katabi wa mkwajuni hajawahi kumwomba mtu kopi.

Sasa wewe, ya mwisho ulimtumia nani?